Kumtafuta Mzee Morris kabla ya redio

Watanzania wengi walimjua Mzee Morris Nyunyusa kwa masikio kabla ya kumjua kwa jina. Ngoma zilizokuwa zikilia Redio Tanzania Dar es Salaam kabla ya taarifa ya habari zilikuwa zake. Zikianza tu, nyumbani kwetu Mtwara watoto tulinyamazishwa, redio ya mkulima ikaongezwa sauti, na baba akaacha chochote alichokuwa anafanya. Zilikuwa ngoma za mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa haoni. Alizungukwa na ngoma kubwa kwa ndogo, kila moja na sauti yake, akazipiga zote peke yake. Mwaka 1970 alizipiga Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya Expo. Na alikuwa mtu wa kwetu huku Kusini, wa Nachingwea, mkoani Lindi.

Nilipoanza kuwaeleza watu kwamba tunatengeneza dokumentari kuhusu miaka yake ya mwanzo, ile ya kabla ya redio, nilijibiwa karibu maneno yale yale kila nilipokwenda: "Aa, yule kipofu wa maajabu!" Wanasema kwa mapenzi, najua. Lakini sifa hiyo inanichoma. Ukishasema ni maajabu, hapabaki cha kuuliza. Huulizi alifundishwa na nani, ngoma zake ziliwambwa kwa ngozi gani, alikesha kwenye viwanja vingapi vya vumbi kabla mtu yeyote hajamwekea maikrofoni. Kazi yote ya ujana wake inafutwa kwa neno moja zuri. Mimi nilitaka filamu inayoonesha kwamba pale palikuwa na kazi.

Nimelelewa na kamera za harusi na mahafali mjini Mtwara. Ni shule nzuri kuliko watu wanavyodhani, maana harusi hairudiwi. Bibi harusi akishaingia ukumbini, ameingia. Tulikuwa watatu: mimi, kijana wa kamera kutoka Masasi, na fundi wa sauti mwenyeji wa Lindi. Vibali sitavieleza kwa kirefu. Bodi ya Filamu inatoa kibali kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ukishakipata unashuka nacho halmashauri, kata, kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huyu wa mwisho ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Karatasi zenye mihuri zinakufikisha kijijini, lakini ni mwenyekiti anayekwenda nyumba kwa nyumba kusema, "Hawa ni wageni wangu, msiwaogope."

Jambo la kwanza tulilolipangia vizuri lilikuwa majira. Huku kwetu huwezi kwenda kupiga picha za ngoma wakati unaotaka wewe. Mvua zikiwa zimeshika, kuanzia Desemba hadi Aprili, watu wako mashambani na njia za vijijini ni tope. Kuanzia Oktoba kila mkono uko kwenye korosho, na mtu anayewaza bei ya mnada hana muda wa kukuwambia ngoma. Nafasi ni kipupwe, kati ya Juni na mwanzoni mwa Septemba, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Ndio wakati wa jando na unyago, na ndio wakati vikundi vinapojinoa kwa Nanenane ya pale Ngongo, Lindi. Ngoma zimetoka darini, ngozi zimeangaliwa, mikono ya wapigaji imechangamka. Ukimkuta mpigaji Machi, atakupigia kwa adabu. Ukimkuta Julai, atakupigia kwa sababu hata usingekuja angepiga.

Basi tukatoka Mtwara alfajiri, tukashika njia ya Mnazi Mmoja hadi Masasi, na kutoka Masasi tukaingia Nachingwea. Leo ni safari ya nusu siku na unafika na nguvu zako. Wazee wanaokumbuka hali ya zamani wanaieleza Kusini kama nchi iliyofungiwa mlango: mvua zikinyesha barabara ya Dar es Salaam inakatika, na Rufiji unavuka kwa pantoni, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Nilitaka hilo liwemo kwenye filamu, kwa sababu ndilo linalopima umbali kati ya kiwanja cha ngoma cha Nachingwea na studio ya Dar es Salaam. Mpigaji wa kijijini kusikika nchi nzima ilikuwa safari ndefu kwa kila maana.

Lakini Nachingwea yenyewe ya miaka ya 1940 haikuwa kijiji cha kusahauliwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa. Wakajenga reli kuja Nachingwea, wakajenga bandari ya Mtwara kwa ajili ya kuzipakia hizo karanga, wakaleta matrekta kufyeka misitu. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watoto wa leo hawaamini ukiwaambia treni ilipita. Kwa muda ule mfupi walikuja vibarua kutoka pande nyingi, na vibarua hawaji na majembe tu, wanakuja na ngoma zao. Jumamosi jioni kambini kila kundi lilicheza yake, na kijana mwenye masikio mapevu alikuwa na shule pande zote.

Tulipokusanya picha za Nachingwea ya miaka hiyo tukakuta matrekta, mabehewa, wazungu wenye kofia, magunia. Wapigaji ngoma hawamo. Kamera zilizokuja wakati ule zilikuja kupiga picha za mradi, na mwenyeji akionekana anaonekana ameshika jembe. Kijana wangu wa kamera alikata tamaa kidogo: "Dada, sasa tutaonesha nini?" Swali lake ndilo lililotupa filamu. Kama mwanzo wa mtu haukupigwa picha, basi hautafutwi kwenye picha. Yeye mwenyewe hakuwa akiona. Alijifunza dunia kwa masikio na kwa mikono. Tukakubaliana hapo hapo kwamba fundi wa sauti ndiye atakayeongoza, na kamera itafuata.

Hili ni rahisi kusema na gumu kutenda. Ngoma ni adui wa kinasa sauti. Ukisogeza maikrofoni karibu, kubwa inapasua. Ukiisogeza mbali, ndogo zinamezwa na vumbi na kelele za watu. Fundi wetu alifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye harusi. Alichukua maikrofoni mbili ndogo, akaziweka juu kidogo ya kichwa cha mpigaji, zimeachana kwa upana wa kutoka sikio hadi sikio. Nyingine akaisimamisha kule wanakosimama watazamaji. Unaposikiliza hizi mbili za juu kwa spika za masikioni, unasikia ngoma kutoka mahali alipokaa mpigaji: ile kubwa iko kushoto nyuma, mbili ndogo ziko mbele ya magoti, nyingine inatoka kulia karibu na kiwiko. Nilipovua spika zile nilikuwa nimeelewa zaidi kuhusu Mzee Morris kuliko nilivyoelewa kwa kusoma kila kilichoandikwa juu yake. Ngoma zake zilimzunguka. Alikuwa na ramani yake, na ramani ile ilikuwa ya sauti.

Adui mwingine alikuwa mashine ya kusaga. Kila kijiji kina yake, na ikianza kunguruma asubuhi haina mswalie Mtume. Tulikwenda kwa mwenyewe, tukamwamkia, tukakaa, tukanywa chai, ndipo tukaeleza haja. Alikuwa muungwana. Hakutaka pesa ya kuzima mashine. Alitaka tu kina mama wenye mahindi waambiwe mapema, wasije wakasimama na ndoo zao bure. Kwa hiyo tulipiga picha asubuhi sana kabla hajawasha, na jioni akishafunga. Ninalisema hili kwa vijana wanaonunua kamera nzuri na kusahau kwamba kijiji kina ratiba yake. Ratiba ya kijiji ndiyo ratiba ya filamu.

Sasa nije kwenye siku ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi nzima.

Tulikuwa na mzee mmoja mpigaji, Mmwera, mtu wa maneno machache. Jioni aliwasha moto wa mabua makavu ya mtama, moto mwepesi wenye ndimi ndefu. Akachukua ngoma, akauelekeza uso wake kwenye moto, akaizungusha polepole ngozi isiungue upande mmoja. Kila baada ya muda akaigonga kwa vidole. Mwanzo ilikuwa inajibu kwa sauti nzito, iliyolala. Akairudisha motoni. Akagonga tena. Sauti ikapanda kidogo. Ngozi ilikuwa inakauka na kukaza, na ile harufu ya ngozi ya mbuzi ikichanganyika na moshi ikatujaa sote. Nilimwambia kijana asogeze kamera kwenye mikono, kisha nikamwomba aiinue taratibu hadi usoni. Mzee alikuwa amefumba macho. Si kwa maonesho, hata hakujua tunampiga uso. Alikuwa amelaza kichwa upande, anasikiliza.

Nilimuuliza baadaye, "Babu, mbona ulifumba macho?"

Akaniangalia kama nimeuliza mbona anatembea kwa miguu. "Moshi, mwanangu." Halafu akafikiri. "Na ngoma haiangaliwi. Ukimwona mtu anaangalia ngoma yake, huyo bado anajifunza."

Usiku ule nilirudi kwenye kila tulichokuwa tumepiga, nikatazama macho ya wapigaji tu. Babu alisema kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia mikono yake. Wote walikuwa wanatazama uwanjani, kwenye miguu ya wachezaji, wanajua nani anataka kuzunguka, nani anaomba ngoma ipande. Mpigaji anayeona anatumia macho yake kwa ajili ya wachezaji. Kesho yake nikamrudia mzee kwa swali moja: na asiyeona, anajuaje wachezaji wanataka nini?

"Miguu inasema," alijibu. "Njuga zinasema. Mimi mwenyewe usiku wa giza, kabla ya hizi taa, nilikuwa nafuata njuga."

Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha. Maajabu yaliyeyuka pale pale na kazi ikabaki, kubwa kuliko maajabu. Ngoma za vijijini zilipigwa usiku, mbali na moto hapaonekani kitu, na kila mpigaji wa zamani alipaswa kuwa na masikio ya kumtosha gizani. Asiyeona aliingia kwenye kazi ambayo wenzake wote tayari waliifanya kwa kusikia na kupapasa. Kilichobaki kumtofautisha ni alichokifanya na masikio hayo.

Na hapo ndipo penye uzito. Ngoma ya kwetu kwa kawaida ni ya watu kadhaa. Mmoja ana ndogo, kazi yake kushika mwendo, hapandi wala hashuki hata uwanja ukiwaka. Mwingine anajibu. Mwenye kubwa ndiye anayezungumza, anawaita wachezaji, anawakata, anawarudisha. Wanaelewana kwa miaka. Mzee Morris aliwabeba wote hao ndani ya mikono miwili. Msimulizi anaweza kuyasema hayo kwa sentensi moja na mtazamaji akaitikia kwa kichwa asielewe. Tulitaka aelewe kwa masikio.

Tukawaita wapigaji wa kikundi kimoja, tukakaa chini ya mwembe, tukawawekea rekodi yake kwenye spika ndogo. Wakasikiliza bila kusema. Wakaomba irudiwe. Kisha wakaanza kugawana: wewe chukua ile inayokwenda tititi, mimi nachukua inayojibu, fulani ashike kubwa. Ubishi ukaanza. Mmoja akasema hapo kuna ndogo mbili, si moja. Mwingine akasema ni moja inapigwa pembeni na katikati. Wakarudisha, wakasikiliza, wakajaribu, wakaacha, wakacheka, wakajaribu tena. Kijana mmoja aliyekuwa amejiamini sana akasimama akatembea hadi kwenye mti, akarudi akakaa. Ilichukua muda mrefu sana kupata kipande kifupi tu, na walipokipata kilikuwa kinapwaya, kwa sababu walikuwa watu wengi wanaotafuta pumzi moja, na rekodi ile ilikuwa na pumzi ya mtu mmoja. Mkubwa wao akasema, "Huyu alikuwa hawasubiri wenzake." Hatukuongeza neno juu ya sehemu hiyo. Imewekwa kwenye filamu karibu nzima, ubishi na kicheko na yote, na mhariri wetu aliyetaka kuifupisha nilimkatalia.

Mhariri huyohuyo, kijana hodari ninayempenda, alikuja na wazo la kuweka kioo cheusi mwanzoni mwa filamu, ili mtazamaji "aone kama alivyoona Mzee Morris". Tulibishana siku nzima. Mimi naamini kwamba giza la skrini linamfundisha mtazamaji kuogopa, halimfundishi kusikia. Mtu aliyeishi bila kuona hakai gizani akingoja mwanga. Anaishi kwenye dunia iliyojaa sauti, harufu, joto la jua upande mmoja wa uso. Tukaanza na mikono ya yule mzee, moto wa mabua, na sauti ya ngozi inayopanda. Upofu unatajwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyotaja kwamba mtu ni mrefu.

Kuna mahali tulifika na kamera hazikufunguliwa. Mimi nimechezwa, najua ngoma za unyago zinavyokuwa, na bila shaka masikio ya kila mpigaji wa Kusini yamelelewa na ngoma za jando na unyago zinazosikika usiku kutoka upande wa pili wa kijiji. Kina mama walinikaribisha kama mwali mkubwa aliyerudi nyumbani, nikakaa nao, nikaimba nilizozikumbuka. Kinasa sauti kilibaki kwenye begi, na begi lilibaki nje kwa mwenyekiti. Baadhi ya wenzetu wa mjini waliniambia nimepoteza dhahabu. Sikubali. Zile si nyimbo za kupotezwa wala kupatikana. Zina wenyewe, wako hai, na wanazitumia. Kungwi mmoja, nilipomuaga, aliniruhusu nirekodi kitu kimoja tu: sauti ya ngoma hizo kutoka mbali, kule njiani, ambako kila mpita njia huzisikia. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye filamu, inasikika nyuma ya usiku wa Nachingwea, na anayezijua anazijua.

Tulijiwekea sharti lingine, na ndilo lililotugharimu vipande vingi vitamu: sauti ya msimulizi haisemi jambo ambalo hatuna shahidi wake. Mzee akisema alivyofundishwa na mjomba wake, anasema yeye, kwa uso wake, kwa habari zake. Na wengi walitaja mjomba. Wamwera wanafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye anayemshika mpwa mkono, na stadi nyingi zinapita hapo. Mmoja alituonesha jinsi mjomba wake alivyokuwa akimpigia mwendo kwenye bega, yeye akiwa mdogo, hadi mwili ukaushika kabla ya mikono. Akamwita mjukuu wake, akampigia begani mbele ya kamera, na yule mtoto akaanza kuitikia kwa mguu bila kujua. Sisi tunamwonesha mtazamaji kwamba hivi ndivyo ngoma inavyopita kwa watu wa huku. Kumchomeka Mzee Morris kwenye kumbukumbu ya familia nyingine ingekuwa ni kumwibia aliyetueleza na kumzulia marehemu.

Kuhusu namna taifa lilivyomfikia, hapo tulikuwa kwenye ardhi ngumu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, mwaka uleule mradi wa karanga unavunjwa. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisema wazi kwamba ubaya mkubwa wa ukoloni ulikuwa kutufanya tuamini hatuna utamaduni wetu wenyewe. Ilipofika 1965 redio ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Nchi changa ilikuwa inatafuta sauti ya kuitambulisha, na ingeweza kuchukua tarumbeta za bendi kama ilivyofanyika kwingine. Ikachukua ngoma, na ngoma za mtu wa Nachingwea. Uamuzi ule bado unanifurahisha kila nikiufikiria.

Rekodi za redio zina wenyewe, na hilo lazima ulipangie tangu siku ya kwanza, kwenye bajeti na kwenye kalenda. Unaandika barua, unasubiri, unafuatilia, unaeleza dakika ngapi utatumia na wapi filamu itaoneshwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na wasanii, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi pia. Nimeona watu wakichukua ngoma mtandaoni na kuibandika kwenye kazi zao kwa kuwa "ni ya asili, haina mwenyewe". Ina wenyewe. Tuliandikiana mkataba wa Kiswahili chepesi na kila mpigaji tuliyemrekodi, tukausoma kwa sauti mbele ya mashahidi, na kwa wazee waliotaka, mjukuu akautafsiri kwa Kimwera. Malipo yalitolewa siku hiyohiyo, mkononi, kwa kila mmoja na si kwa kiongozi wa kikundi peke yake. Kina mama walioitikia nyimbo walilipwa sawa na wapigaji. Hilo lilizua minong'ono kidogo upande wa wanaume, kisha likaisha.

Tulipopata filamu isiyo kamili tuliipeleka kwanza Nachingwea, kabla ya kuionesha popote. Skrini ilikuwa shuka, umeme ulitoka kwenye sola ya shule, na watu walileta mikeka na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Wapigaji walikaa mbele, wakakosoa bila haya, kama mafundi wanavyokosoa. Walitaka moto wa mabua uoneshwe kwa urefu zaidi, ili vijana wasiozoea wajue muda wa kuitoa ngoma kabla ngozi haijapasuka. Walitaka tusimsifie mno mpigaji mmoja kijana. Na walitaka majina yao yatangulie mwishoni, juu ya jina langu. Yote tuliyafanya.

Rekodi zote ambazo hazikuingia kwenye filamu tumezigawa kwenye kadi za kumbukumbu za simu, kila kikundi na zake, na nakala nyingine nimeziweka kwangu Mtwara. Kwenye kipupwe kijacho tunakwenda Ruangwa. Kuna mzee huko anayetengeneza njuga, na fundi wa sauti ameshaanza kuuliza namna ya kufunga maikrofoni kwenye kifundo cha mguu.